Sweta Kitini, Okidi Dirishani

Sikumwambia Mwende ukweli, na leo ni siku ya nane. Tulikuwa mtaa wa Satellite, nyumbani kwa marehemu Wanjeri, mwenzangu wa ofisini zamani, siku tuliyomzika. Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini na kuketi chini ya hema, kila mtu na sahani yake ya wali na viazi magotini, mwanamke mrefu mwenye miwani aliponiinamia akasema, "Auntie Ndinda, si unanikumbuka?" Nilimkumbuka Mwende kwa sauti kabla ya sura, maana ilikuwa sauti ya mamake kabisa, ile ya kuuliza kama anayeamrisha. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka kumi na saba na sketi ya shule iliyopauka. Tukakumbatiana, tukalia kidogo, tukacheka kidogo, tukamsema marehemu kwa upendo kama inavyokuwa matangani. Kisha akauliza, "Na lile ua la Mum, lile la ofisi, lilienda wapi?" Nikajibu bila hata kufikiri, "Lilikauka, mami." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumchukulia mama mmoja soda. Uongo mtupu! Ua lile halikupata nafasi ya kukauka hata siku moja. Lilioza kwa maji, na tuliolinywesha tulikuwa wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kesho yake akanitumia picha kwenye simu. Naye ana okidi, alipewa kazini, iko nyumbani kwake kwenye meza karibu na dirisha. Majani yamelegea na kufanya mikunjo kama ngozi ya mkono wangu, na mizizi miwili imepanda juu ya ukingo wa chungu inatafuta pa kwenda. Chini ya picha ameandika: "Auntie, hii yangu naona iko na stress. Niihamishe chungu ama niiache tu hivyo? Mum alikuwa anasema aje?" Nimeisoma mara nyingi, na yeye anaona nimeisoma, maana zile alama mbili za buluu hazina siri. Kila asubuhi naishika simu, naandika neno moja, nafuta, naenda kuosha vyombo ambavyo ni visafi. Mtu mzima mwenye wajukuu anashindwa kujibu swali la maua! Lakini swali hili niliwahi kuulizwa, mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa na miezi minne ya kulijibu.

Mwaka ule nilikuwa mpiga chapa wa kibarua katika ofisi moja ya umma katikati ya jiji, ghorofa ya nne, chumba chenye meza tatu na mlango wa kioo unaotazama korido. Chumba kilinukia karatasi za kaboni, wino wa kufutia makosa, na chai ya maziwa iliyochemshwa hadi ikaota ngozi. Meza ya mlangoni ilikuwa yangu. Meza ya ukutani ilikuwa ya Wanjeri, karani wa mafaili, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa meza, ambaye alikuwa na ploti na ng'ombe wawili huko Satellite na aliyetukataza kumwita Mama fulani kama walivyoitwa wengine. "Mimi sijazaa hapa ofisini," alikuwa akisema, "niite jina nililopewa." Meza ya dirishani, iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa ya Mama Mwende, sekretari wa idara. Alikuwa Mkamba mwenzangu, mdogo wa mwili, mkali wa macho, na mtu asiyetaka mzaha na herufi kubwa. Barua yenye kosa moja aliirarua mbele yako, halafu saa nne akakugawia nusu ya kiazi kitamu chake. Nilimwogopa, na nilitamani sana kuwa yeye.

Okidi ilikuwa yake. Wageni fulani waliokuja mkutanoni walimwachia kwa sababu, katika jengo zima, ndiye pekee aliyewapa chai ikiwa moto. Ilikuwa na maua meupe saba yaliyopangana kwenye bua moja lililoinama, na ilikaa katika kikopo cha plastiki chenye matundu, nacho kikopo kikakaa ndani ya chungu cheupe chenye mstari wa buluu, ambacho hakikuwa na tundu hata moja. Kila Jumatatu Mama Mwende aliinua kikopo, akakipeleka kwenye sinki mwisho wa korido, akakiweka chini ya bomba huku akihesabu polepole kwa Kikamba hadi ishirini, halafu akakiacha juu ya gazeti kichuje mpaka saa ya chai. Basi. Wiki nzima hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mimi mtoto wa shamba nilishangaa. Ndani ya kile kikopo hamkuwa na udongo, mlikuwa na vipande vya maganda ya mti tu. Nikamuuliza, "Sasa Mama, linakula nini?" Akasema, "Hili ni kama mgeni wa heshima. Unamkaribisha, unampa maji, halafu unamwacha apumzike. Si kila saa unamuuliza kama ameshiba." Nilicheka, nikarudi kwenye taipu yangu.

Mwezi wa Juni tumbo lake likaanza kumsumbua. Kwanza aliomba ruhusa ya siku mbili, kisha wiki, kisha likizo yake yote ikaisha, na sisi tukajua bila kuambiwa. Hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina lake. Kilichosemwa waziwazi kilikuwa kingine. Nyumba aliyoishi mtaani Woodley ilikuwa ya kazi. Akiandikwa kwamba hawezi kazi tena, angepewa barua ya kuhama, na Mwende, mtoto wake wa pekee, alikuwa na mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba. Siku yake ya mwisho ofisini Mama Mwende alivua sweta yake, ile ya rangi ya damu ya mzee yenye vifungo vya mbao, akaitundika kwenye mgongo wa kiti. Akafungua faili katikati, akaweka miwani yake ya zamani juu yake. Kisha akasema, "Nataka kufika Novemba tu." Hakusema kupona. Alisema kufika. Akanigeukia, akanishika kidole gumba kama mtoto anavyomshika mtu: "Ndinda, ua nakuachia wewe. Si hawa. Wewe."

Kila aliyewahi kufanya kazi katika ofisi za umma anaijua dini ya sweta. Mtu ambaye sweta yake iko kitini hajaenda popote, ametoka kidogo tu. Amepeleka faili, ameitwa juu, yuko chooni, yuko around. Kuna watu walikula mishahara miaka kwa sweta peke yake, na sisi tuliwacheka. Sasa ikawa zamu yetu. Shida ilikuwa mkubwa mpya, Bwana Gitau, aliyeletwa mwaka huo huo kupunguza watu. Alikuwa mrefu, mkimya, viatu vyake havikulia. Kila asubuhi saa mbili na robo alipita koridoni, akasimama mbele ya mlango wetu wa kioo, akatazama meza ya dirishani. Wanjeri ndiye aliyetuambia anachotazama. "Sweta si kitu, hata yeye anajua mambo ya sweta. Anaangalia ua. Watu wote wa hii floor wanajua hakuna mwingine huligusa. Ua likiwa sawa, mwenyewe yuko. Likikauka, tumekwisha." Nikaanza kupiga chapa kazi za watu wawili, na kila barua nikaweka herufi za mwanzo za jina la Mama Mwende pale chini. Na ua likawa ndilo linalomshikia nyumba.

Mwisho wa Julai majani yakalegea. Nilifanya kila kitu alichofanya yeye, Jumatatu, sinki, hesabu hadi ishirini kwa Kikamba, na bado yakalegea. Maji niliyoyakuta chunguni kila Jumatatu niliyamwaga tu bila kuyatilia maanani. Siku moja, ilikuwa Alhamisi, niliinua kile kikopo kuangalia, na chungu cheupe kilikuwa kimejaa maji hadi shingoni. Maji yenyewe yalikuwa ya kahawia, yana majani ya chai. Mizizi ya chini ilikuwa myeusi, na nilipoigusa ikachubuka ngozi kama ndizi iliyoiva mno. Harufu, weuwe! Nikamwita Mzee Kilonzo, aliyekuwa akitupikia chai. "Mzee, unalimwagia ua chai?" Akasimama wima na birika lake. "Kidogo tu, mwanangu. Kila asubuhi. Nikilimwagia ninamwombea." Wanjeri akainua kichwa kutoka kwenye mafaili: "Haki, hata mimi nalipatia ka-kikombe saa sita. Nilidhani nyinyi mmelisahau." Askari wa mlangoni alipanda kila jioni na chupa yake ya maji. Mama wa usafi alilinyunyizia kwa kitambaa. Na mimi, Mungu anisamehe, kila nilipobaki peke yangu mchana nikaona kiti kile kitupu, nilimimina kilichobaki kwenye glasi yangu, ili niwe nimefanya kitu. Nikawaambia wote waache. Wakakubali wote, kwa uso wa huzuni. Kesho yake chungu kilikuwa na maji, na nikiuliza, kila mmoja ananijibu, "Mimi? Mimi naliangalia tu."

Jumamosi nikaenda Muthangari, ambako kando ya barabara kulikuwa na mtu wa miche niliyekuwa nikimwona kila nipitapo, amekaa juu ya kreti na kofia ya sufu hata wakati wa jua. Nilimweleza yote isipokuwa habari za nyumba. Alinisikiliza huku anang'oa magugu. "Hiyo imekunywa mpaka imechoka," akasema. "Itoe. Mizizi yote iliyooza kata. Bua la maua nalo kata, lisiinyonye. Weka maganda mapya na makaa, chungu kikuwe na matundu." Nikamuuliza kama itapona. Akapangusa mikono. "Ikiwa na stress hivyo, kuihamisha kunaweza kuimaliza. Na usipoihamisha, itaisha. Hapo ni wewe na Mungu, madam." Akanijazia maganda na makaa kwenye mfuko wa karatasi, nikanunua na chungu cha udongo chenye matundu matatu. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nimeukumbatia mfuko, nikipiga hesabu. Nikilihamisha, maua meupe yanaondoka na chungu cheupe kinaondoka, na saa mbili na robo Bwana Gitau ataona kwamba mkono mwingine umeligusa. Nisipolihamisha, litamfia machoni. Jumatatu niliuweka mfuko kwenye droo yangu ya chini, nikaufunga na ufunguo, nikajiambia kwamba nitamuuliza mwenyewe.

Woodley nilienda Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Kitanda chake kilikuwa kimeletwa sebuleni ili awe karibu na watu, kikakaa kati ya kochi na kabati la vyombo, na vitambaa vya kufuma vilikuwa bado vimetandikwa juu ya kila kiti, vyeupe pe. Mezani kulikuwa na chakula cha kulisha harusi. Njahi za Wanjeri, maharagwe meusi ya kwao, kwenye bakuli la enameli, muthokoi wa mahindi ya kukoboa wa watu wa kanisa, supu ya mifupa, uji wa wimbi kwenye chupa mbili za chai, ndizi, mayai ya kuchemsha, keki. Kila mgeni aliyeingia alifunua chake, akachota, akapeleka kijiko mdomoni mwa mgonjwa. "Kula kidogo tu, Mama Mwende, kwa ajili yangu." Naye akala. Vijiko viwili vya huyu, viwili vya yule, asije mtu akaenda nyumbani na moyo mzito. Nami nilikuwa nimebeba supu ya kuku. Nilimpa vijiko vitatu na nikajisikia vizuri sana. Aliponiuliza, "Ua langu liko?" nilikuwa na kijiko mkononi. Sentensi nzima nilikuwa nimeipanga njiani: mizizi imeoza, Mama, nilihamishe ama niliache? Badala yake nikasema, "Liko, Mama." "Limechanua?" "Limechanua." Akafumba macho, akatabasamu. "Usiligeuze. Limezoea dirisha." Nikamfuta kidevu.

Jikoni, nilipopeleka sahani, mama wawili wa kanisa walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini huku wakiosha vikombe. Mmoja alitaka apelekwe Kitui kwa kakake, apumzike kwenye hewa safi. "Ukimtoa saa hii, hiyo barabara itammaliza," mwenzake akasema. "Na akikaa hapa?" "Akikaa hapa sijui." Yalikuwa maneno ya mtu wa miche, karibu neno kwa neno, na nilikasirika kana kwamba wameyaiba kwangu. Nikatoka bila kuaga. Mwende alinifuata hadi langoni na beseni mkononi, akiwa na mavazi ya nyumbani na kalamu imechomekwa kwenye nywele. Aliangalia barabara kwanza. "Auntie, naeza kukuambia kitu? Mkishaenda anatapika. Yote. Kutoka Jumapili hadi Jumanne anatapika, halafu Jumatano watu wa ofisi wanakuja." Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Amenikataza. Anasema nyinyi ndio mnatushikilia, msije mkaona hatuna shukrani." Nilikuwa nimemzidi miaka saba tu, na aliniita auntie, na alikuwa akingojea auntie aseme kitu. Nikasema, "Pole, mami. Soma kwa bidii." Ndiyo hivyo. Nimeishi na jibu hilo miaka yote hii na sijawahi kulisamehe.

Ningeweza kuwaambia watu waache kupeleka chakula, kama nilivyowaambia waache kumwaga maji. Ungewaambiaje? Wanjeri alikuwa akiamka alfajiri kuchemsha njahi zile kabla ya kukamua. Nilipojaribu kuzunguka mbuyu, nikisema labda wagonjwa wa tumbo wanahitaji kitu chepesi, aliniangalia kwa machungu. "Wewe Ndinda, kwenu mgonjwa ananyimwa chakula?" Na kuhusu ua alikuwa na dawa yake. Jumatatu alikuja na ndoo yenye udongo mwekundu wa Satellite na samadi ya ng'ombe wake, imefunikwa na kanga. "Shida ya hili ua ni njaa. Mmea bila udongo! Angalia mizizi inavyopanda nje kuomba." Nilisimama mbele ya dirisha mikono imetanda. Tukagombana kwa mara ya kwanza na ya mwisho, ndoo katikati yetu, hadi Mzee Kilonzo akaja kutuamua na birika. Wanjeri alilia. Mimi pia nililia. Udongo akaurudisha Satellite na ndoo yake, akiniambia ninaua kitu kwa kusoma sana.

Basi Septemba nikaamua. Nakumbuka uamuzi ule vizuri kwa sababu ndio pekee niliofanya mwaka huo. Nitalihamisha, nitakata bua, nitawaambia waulizao kwamba Mama Mwende mwenyewe ndiye aliyelihamisha, amefika mapema akatoka. Ijumaa nilifika saa kumi na mbili u nusu, jengo bado limenyamaza, chungu cha udongo kwenye kiondo changu, na kisu cha jikoni nimekifunga kwenye taulo. Taa ya chumba chetu ilikuwa inawaka. Kupitia mlango wa kioo nilimwona Bwana Gitau. Alikuwa amesimama kwenye meza ya dirishani, koti limefungwa vifungo vyote, ameshika glasi yake ya ofisini, ile yenye kifuniko cha kufuma. Alikuwa akilimwagia maji. Polepole, kando kando, kwa uangalifu wa mtu anayemnywesha mtoto. Alipomaliza, alinyoosha bega moja la sweta lililokuwa limeshuka kitini.

Nilipaswa kurudi nyuma, lakini nilikuwa nimeshaushika mlango, nao ukalia. Aligeuka. Tulitazamana, yeye na glasi tupu, mimi na kisu ndani ya taulo. Sijawahi kuona mkubwa akiona haya, si kabla wala baada. Akakohoa. "Mrs. Mumbua hajafika?" Hilo ndilo jina la Mama Mwende lililokuwa kwenye faili. Nikasema, "Ametoka kidogo, bwana." Akaangalia faili lililofunguliwa ukurasa ule ule tangu Juni. "Sawa," akasema. "Akirudi umwambie ua nimelimwagia maji." Akapita kando yangu, viatu havilii. Alijua! Kumbe mtu yule alijua tangu siku ya kwanza, na kila asubuhi alikuja kabla yetu na maji yake, halafu saa mbili na robo akapita kutuonyesha kwamba ametazama na ameridhika. Furaha iliyonishika ilikuwa ya sekunde mbili. Nikainua kikopo, na chungu kilikuwa kimejaa. Nani angemwambia? Kumwambia "bwana, acha maji" ni kumwambia kwamba Mama Mwende hayupo wa kulimwagia, na neno hilo likishasemwa kwa mdomo, yeye ni mkubwa, atalazimika kuandika. Na nikilihamisha leo, ataona kwamba nimekataa maji yake. Nilikaa mezani pangu na kiondo miguuni mpaka watu wakafika. Sikulihamisha.

Jani la kwanza lilibaki mkononi mwangu wiki ile ile. Maua yakafuata, moja baada ya jingine, yakianguka juu ya faili. Mwanzoni mwa Oktoba lilikuwa limebaki bua na harufu. Asubuhi moja nikamkuta Wanjeri amepanda juu ya kiti, miguu mizito inatetemeka, uzi mweupe mdomoni. Alikuwa amepitia barabara za chini kule mjini akanunua maua ya kitambaa, meupe, na majani yake, akayafunga kwenye lile bua kwa mafundo madogo madogo. Alihesabu yakatimia saba. "Kutoka korido huwezi jua," akasema, akashuka, akarudi nyuma hadi mlangoni, akakunja macho. "Ama unasemaje, Ndinda?" Nilisema huwezi jua. Saa mbili na robo Bwana Gitau akasimama, akatazama, muda mrefu kidogo kuliko siku zote, akaenda zake. Na bado likamwagiwa maji. Hilo ndilo ninalotaka mtu anieleze kabla sijafa. Maua ya kitambaa, watu wazima, kila mtu anajua, na kila asubuhi chungu kina maji mapya, na ndani yake majani ya chai ya Mzee Kilonzo. Siku moja nilipobaki peke yangu nikamimina glasi yangu na mimi.

Mama Mwende alikufa wiki mbili kabla ya karatasi ya kwanza ya mtihani wa Mwende. Alikuwa amekula uji asubuhi, vijiko viwili vya jirani. Habari zilipofika, Bwana Gitau alishuka, akaingia chumbani kwetu kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Alifunga faili. Akaikunja ile miwani, akaikunja sweta kwenye meza, mikono ndani, kama inavyokunjwa dukani, akanipa. "Mpelekee mtoto. Na umwambie akae pale mpaka amalize mitihani yake yote. Mimi hakuna mtu ameniambia kitu." Kisha akatazama ua, akanyoosha kidole, akagusa jani moja la kitambaa, akaondoa kidole haraka. Mwende alifanya mtihani wake kutoka nyumba ile ile, na alipita. Kwa hiyo Wanjeri, hadi anakufa, alisema ule mpango ulifaulu. Sikuwahi kumbishia. Chungu nilikibeba mwenyewe hadi kwenye pipa la nyuma ya jengo, kizito kwa maji, na nilipokipindua nikaona kwamba katikati ya weusi wote ule mzizi mmoja ulikuwa bado mgumu, wa kijani, wenye ncha. Mmoja. Nilikimbia juu kuchukua mfuko wangu kwenye droo. Niliporudi, mama wa usafi alikuwa ameshamwagia pipa maji ya dawa.

Asubuhi hii nimeketi jikoni na simu. Nimefikiria kumwandikia yote haya, kisha nikaona ni mengi kwa mtu aliyeuliza habari ya chungu. Nimefikiria kumwandikia "ihamishe", nikaogopa. "Iache", nikaogopa zaidi. Nikakumbuka beseni lile na kalamu kwenye nywele, na auntie aliyesema pole. Mwishowe nikaandika kitu ambacho kilipaswa kuwa cha kwanza kuulizwa mwaka ule, na hakuna aliyekiuliza: "Mami, kabla hujaihamisha. Hapo kwenu, ni watu wangapi wanaimwagilia?"

Alama zikageuka buluu papo hapo. Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Maji ya chai yakafurika kwenye jiko na sikuinuka.

"Ni mimi tu auntie," akajibu. "Hapa hakuna mtu mwingine."